Bwana harusi aliyeomba kipengele cha kufungua muziki kifutwe: uchambuzi wa kisa

Nafundisha kucheza dansi Dar es Salaam, na wanafunzi wangu wengi ni maharusi watarajiwa. Kisa hiki nakiandika kwa sababu nilikosea ndani yake wiki mbili nzima, na kosa hilohilo naliona likirudiwa na walimu wenzangu, wapambe na kamati za harusi kila msimu. Wahusika wameridhia nikisimulie. Nimebadilisha kazi zao na baadhi ya mambo ya familia, na nimeacha majina, mwaka na ukumbi. Humu nitawaita Bwana na Bibi.

Usuli

Bwana alikuwa na miaka 34, fundi wa majokofu na viyoyozi, mtu mcheshi akiwa na watu watatu na bubu wakiwa thelathini. Alipokuwa darasa la sita aliwekwa mstari wa mbele kwenye ngoma ya mahafali ya shule. Wenzake wakaenda kulia, yeye akaenda kushoto. Wazazi wakacheka, kicheko cha kawaida tu cha watu wazima wanaopenda watoto, lakini mwalimu akasimamisha muziki, akamshika mkono, akamtoa. Ngoma ikaanza upya bila yeye.

Toka siku hiyo hajacheza mbele ya mtu. Kwenye harusi za ndugu zake alikuwa wa kwanza kujitolea kusimamia vinywaji. Akiombwa kulinda magari, analinda. Familia walimsifu kwa kujituma, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini kila zawadi zinapopelekwa watu wakicheza, yeye hayupo ukumbini.

Zamu yake ya kuoa ilipofika alimfuata mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mjomba wake, akaomba kipengele cha kufungua muziki kitolewe kwenye ratiba. Mjomba akakataa. Alisema watu wamechanga na wanataka kuwaona maharusi wao wakicheza, na akaongeza kwamba dakika tatu hazijawahi kumuua mtu. Bibi ndiye aliyemleta kwangu, wiki saba kabla ya siku yenyewe. Yeye ni mwanakwaya, anacheza vizuri, na siku ile ya kwanza alizungumza kwa niaba ya wote wawili. Hilo nililiona, nikalipita. Nitalirudia.

Wiki mbili za mwanzo

Bibi alikuwa ameona kwenye simu maharusi wakicheza wolzi, ile dansi ya Kizungu ya kuzunguka wawili wawili, gauni linapepea, moshi mweupe sakafuni, akataka hiyo. Nami nikakubali bila kuuliza zaidi, kwa kuwa wolzi naifundisha mara nyingi na hatua zake nimezipanga vizuri kwenye daftari langu.

Tatizo la kwanza lilikuwa la hesabu. Wolzi ina mapigo matatu. Ukianza mzunguko wa kwanza kwa mguu wa kulia, wa pili unaanza kwa kushoto, wa tatu unarudi kulia, kwa hiyo lile pigo zito linahama mguu kila mara. Mtu aliyetulia hulizoea baada ya siku chache. Mtu mwenye hofu hupotea pigo la nne tu, na akishapotea hana pa kusimama amngojee mwenzake, maana dansi yenyewe ni ya kuzunguka na kusonga.

Tatizo la pili lilikuwa mimi. Chumba changu kina kioo ukuta mzima. Nilimsimamisha mbele yake, akawa anatazama miguu yake, kisha uso wake, kisha uso wangu. Kila alipokosea nilimtajia makosa manne kwa mpigo: bega, goti, mkono, kichwa. Tena mbele ya mchumba wake. Na katikati ya yote nilikuwa nikimwambia, "Legea, kaka, legeza mwili." Nimelitafakari sana neno hilo baadaye. Mwili hauwezi kulegea kwa amri. Mtu mwenye hofu amebana pumzi, magoti yamekaza, na mapigo ya moyo yanakimbia kuliko muziki, ndiyo maana karibu wote huitangulia ngoma. Kumwambia alegee ni kumwongezea kosa la tano.

Kwenye somo la nne nilisimamisha muziki ili nimwonyeshe tena. Akauachia mkono wa Bibi. Akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Mwalimu, nakulipa ili unidhalilishe?" Akachukua funguo zake akaondoka.

Wakati ule sikujua habari ya mahafali. Nilikuja kuijua baadaye, nikaelewa kwamba nilikuwa nimefanya kilekile: muziki umezimwa, watu wanatazama, yeye peke yake katikati.

Karakana

Nilimpigia siku ya tatu kuomba radhi, nikauliza kama naweza kumfuata kazini. Nilikwenda kuaga kwa adabu, sikuwa na mpango mwingine.

Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya jokofu, redio inapiga muziki wa dansi wa zamani. Akainuka kwenda kuchukua kifaa upande wa pili, akapita kati ya majokofu mawili yaliyobanana. Alipita na muziki. Hatua zake zilikuwa juu ya pigo kabisa, na alipogeuka kurudi, bega lake lilitangulia na nyonga ikafuata, jinsi watu wa rumba wanavyogeuka. Kisha akagonga bomba kwa spana mara mbili, na magitaa ya sebene, ile sehemu ya wimbo iliyochangamka inayofuata baada ya kuimba, yakaingia palepale. Alijua yanaingia kabla hayajaingia.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akashangaa swali. Akanieleza kwamba baba yake, marehemu sasa, alikuwa na kaseti za bendi za dansi alizorekodi kutoka Radio Tanzania: Sikinde, Msondo, Maquis. Kila Jumapili mchana baba alizipiga akipiga pasi shati la Jumatatu, na watoto walikatazwa kuzungumza wimbo ukiwa unaendelea. Alikuwa anajua beti zote. Hakuwahi kuliita jambo hilo kujua muziki, kwa sababu hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

Nikamwambia tuanze upya na muziki huo. Alichukua muda kujibu, halafu akauliza: "Na hicho kioo?"

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubadilisha dansi. Rumba ya kwetu ina mapigo manne, na hatua yake ya msingi inajifunga yenyewe: kushoto, funga, kushoto, gusa, kulia, funga, kulia, gusa. Baada ya mapigo manane umerudi ulipoanzia, mguu uleule. Unaweza kuicheza kwenye kigae kimoja usiku kucha. Isitoshe, nyimbo hizi zina mwenendo unaomfaa mtu kama Bwana: sehemu ya kuimba, ya taratibu, halafu sebene. Tulipanga sehemu ya taratibu iwe yao wawili, dakika mbili tu, na sebene likiingia wazazi na wapambe wajitose. Kwa hiyo muda wa kutazamwa peke yake ulikuwa na mwisho, na mwisho huo aliweza kuusikia ukija. Naamini jambo hili lilimsaidia kuliko maneno yote ya kumtia moyo niliyowahi kumwambia.

Bibi alikubali, ingawa niliona uso wake ukibadilika kidogo. Shangazi yake hakukubali. Alisema rumba ni muziki wa baa, haifai mbele ya mchungaji na wakwe. Nilikwenda kumwona, kwa sababu shangazi asiporidhika harusi inakosa amani. Nilimweleza kwamba wolzi anayoiona ya heshima nayo ilianza kwa kutukanwa. Mwaka 1816 ilipochezwa kwenye dansi ya kifalme jijini London, gazeti la The Times liliishambulia kuwa ni aibu, kwa kuwa mwanamume na mwanamke walishikana karibu mno. Na rumba ya Kongo, ambayo bendi kama Maquis zilihama nayo zikaja kuweka makazi hapa Dar es Salaam miaka ya 1970, mwezi Desemba 2021 iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Shangazi alisikiliza vizuri. Kilichombadilisha, hata hivyo, ni pale Bibi aliposema kwamba wimbo ni wa baba mkwe aliyefariki. Akasema, "Basi mngeanza na hilo."

Uamuzi wa pili: kioo kilifunikwa kwa khanga mbili, na simu zote zikakaa nje ya chumba. Mwanafunzi mwingine hufaidika kujiona, sipingi. Huyu alikuwa na kumbukumbu ya miaka mingi ya jinsi anavyoonekana, na kila picha mpya iliingia kwenye jalada lilelile. Nilitaka ajifunze kwa masikio, ndiko aliko hodari. Masahihisho nikayafanya moja kwa somo, nayo nilimwambia akiwa peke yake.

Uamuzi wa tatu ndio moyo wa kisa hiki. Ile hatua ya msingi tuliipa jina: nyumbani. Wiki ya tatu yote tulikaa nyumbani tu, hakuna mzunguko, hakuna mbwembwe. Wiki ya nne nikaanza kumharibia kwa makusudi. Nilimwita jina katikati ya hatua. Niliangusha sufuria. Nilipunguza muziki hadi usisikike, nikaupandisha ukiwa mahali pengine. Nilimwomba Bibi asimame ghafla. Kazi yake ilikuwa moja: akipotea, arudi nyumbani, asisimame wala asiombe radhi, mpaka masikio yashike pigo, ndipo aendelee. Tulihesabu. Siku ya kwanza alisimama kabisa mara tano kati ya sita. Kufika wiki ya sita alikuwa anarudi ndani ya mapigo manane, na mara nyingine hata Bibi hakutambua kwamba alikuwa amepotea.

Sababu yangu ilitokana na ile ngoma ya mahafali. Kukosea kulimchekesha mzazi mmoja au wawili. Kilichomvunja ni kutolewa. Hakupewa nafasi ya kurudi mstarini, na ndani yake ikabaki kwamba ukikosea imekwisha. Sikuona faida ya kumwahidi hatakosea. Nilitaka ajue kwa miguu yake njia ya kurudi.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuongeza watazamaji kidogo kidogo. Kwanza mimi tu. Kisha msimamizi wake, rafiki wa utotoni. Wiki ya tano wapambe sita. Wiki ya saba kikao cha mwisho cha kamati, watu kama ishirini, kwenye bustani waliyozoea kukutania. Siku ya wapambe mmoja wao alicheka. Alikuwa anacheka kitu kingine kabisa, lakini Bwana hakujua. Niliona shingo yake ikikaza. Akasimama, kama sekunde tatu hivi, na mimi nikajizuia kwa nguvu nisizime muziki. Mguu wa kushoto ukaondoka. Funga. Kushoto. Gusa. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua kilichotokea zaidi yetu watatu. Kwa maoni yangu harusi yake ya ukumbini ilifanyika siku ile.

Mengine yalikuwa ya vitu, nayo nayataja upesi ingawa yanaharibu dansi nyingi. Viatu vipya vya soli ya ngozi huteleza kwenye vigae, tukazikwaruza soli kwa msasa. Bibi alifunga vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja ili azoee kuburuta mkia wa gauni, ila kwa masomo mawili tu. Tulikwenda ukumbini mapema tukapima nafasi kwa hatua, tukaomba zulia liishie kabla ya sehemu ya kuchezea, maana kwenye zulia kisigino hakigeuki. Ule moshi tuliukataa, kwa sababu huacha unyevu sakafuni. Wimbo niliuweka kwenye flashi mbili, nikampa DJ moja na msimamizi nyingine. Kwa mshereheshaji niliomba jambo moja: asiseme "Bwana harusi tuonyeshe vitu!"

Siku yenyewe

Ratiba ilichelewa karibu saa moja na nusu. Ili kuokoa muda, kufungua muziki kukahamishwa kabla ya chakula, wapambe wakiwa nyuma wanabadilisha nguo. Kumbe DJ hakutumia flashi yangu. Alikuwa na wimbo huohuo kwenye kompyuta yake, lakini ni rekodi nyingine, yenye magitaa matupu karibu dakika nzima kabla mwimbaji hajaingia. Sisi tulizoea kuanza na sauti ya mwimbaji.

Nilikuwa nimekaa meza ya nyuma, tumbo limenishika. Watu zaidi ya mia tatu, taa juu yao wawili, magitaa yanapiga, na mwimbaji haji. Mshereheshaji, kwa nia njema, akashika kipaza sauti akasema maneno yaleyale niliyomwomba asiyaseme. Nikaona Bwana anainama kidogo sikioni kwa Bibi. Baadaye nilijua alimwambia neno moja: "Nyumbani." Wakaanza, kushoto, kulia, mahali pamoja, taratibu, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Mwimbaji akaja akawakuta wanacheza.

Mzunguko wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili Bibi akakanyaga mkia wa gauni. Akayumba, mkono ukamtoka, na usoni nikamwona amepotea kabisa, yeye ambaye kwa wiki saba hakupotea hata mara moja. Bwana akamshika kiuno, akarudi nyumbani, akabaki pale mapigo manane, kisha mengine manane, mpaka Bibi akaliinua gauni, akavuta pumzi, akaingia tena.

Sebene lilipoingia mama wa Bwana hakungoja kualikwa. Alikuja kutoka meza ya wazazi mikono juu, anapiga vigelegele, anaita, "Mwanangu! Mwanangu wa baba yako!" Wapambe wakatoka nyuma mbio, mmoja kiatu mkononi. Wakacheza wimbo mzima na uliofuata.

Matokeo

Wiki iliyofuata Bwana aliniambia mikono ilimtetemeka mwanzo hadi mwisho, na kwamba hakumbuki nyuso za watu, anakumbuka gitaa. Miezi mitatu baadaye, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake, alicheza sebene moja pembeni, akarudi kusimamia vinywaji. Naona ni sawa. Anapenda kusimamia vinywaji, na safari hii alikuwa ndani ya ukumbi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, nikikitenganisha na vingine, ni mazoezi ya kurudi. Kubadilisha dansi kulisaidia sana, lakini nimewahi kuwa na wanafunzi waliopewa muziki wanaoupenda na bado wakaganda ukumbini, kwa sababu walifundishwa namna ya kupatia tu. Bwana aliingia ukumbini akiwa ameshapotea zaidi ya mara mia na kurudi kila mara. Hofu haikuondoka, mikono yake inashuhudia. Alikuwa na kitu cha kufanya nayo.

Watazamaji wa hatua kwa hatua walifaa, ila ninaungama kwamba kile kicheko cha mpambe kilikuwa bahati. Nisingethubutu kukipanga, na kama kingetokea wiki ya pili kingemfukuza kabisa. Mazoezi ya namna hii yana wakati wake, na mwalimu asiyemjua mwanafunzi wake anaweza kuumiza.

Kilichoharibika upande wa mipango ni DJ. Flashi aliipokea, akaitikia, akaiweka mfukoni. Sasa siachi flashi bila kuusikia wimbo ukipigwa kwenye spika za ukumbi siku hiyohiyo, hata kama nitaonekana msumbufu. Na ratiba ikihama, mtu mmoja wa kamati awe na kazi ya kuwaambia maharusi kabla hawajaitwa.

Kosa langu kubwa, mbali na zile wiki mbili, lilikuwa juu ya Bibi. Nilimwona anajua, nikamgeuza msaidizi wangu. Wiki saba alikuwa akihesabu kwa niaba ya watu wawili na kumwongoza Bwana kwa kumbonyeza bega, na sikuwahi hata kumharibia yeye hatua ili ajifunze kurudi. Sufuria ilianguka kwa ajili ya Bwana. Vile vitenge alivifunga mara mbili. Alipokanyaga gauni hakuwa na nyumbani pake mwenyewe. Ilibidi apelekwe. Tulipozungumza aliniambia pia kwamba wolzi aliitaka tangu akiwa msichana, na aliiacha bila mtu kumuuliza inamgharimu nini. Siku hizi kila anayekuja na mwenzake namwomba somo moja la peke yake, hasa yule anayeonekana hahitaji.

Bibi alirudi darasani mwezi mmoja baada ya harusi, bila Bwana, akaomba tufanye ule mzunguko aliokanyaga mkia. Akavifunga vile vitenge viwili, tukaurudia mpaka mwanafunzi wa saa iliyofuata akabisha hodi. Ndipo akauliza, huku anavikunja, kama ile wolzi bado ninayo kwenye daftari.